Ncha ya Mtutu Iliyokataa Kuwa Nyeusi

Kuikkalahti, Jumatatu asubuhi

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Wawindaji, Kuikkalahti

Ndugu Mwenyekiti Eino Vartiamäki,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti lako limekubali tena kupanda ngazi. Mimi mwilini sijambo. Nimekuwa mwanachama kwa miaka thelathini na moja bila kulalamika, isipokuwa mara sita, kwa hiyo utaelewa kwamba safari hii yamenifika shingoni.

Mwezi uliopita nilimpelekea fundi Aatos bunduki niliyoinunua kwa mjane wa Rantala. Nilitaka aikatie hesi, ile mikato ya skrubu, mdomoni mwa mtutu, nipate kufungia kizuia sauti kabla msimu wa kuwinda hirvi, yule kulungu wetu mkubwa, haujaanza, maana masikio yangu yamechoka na mbwa wangu pia. Aatos alifanya kazi safi. Lakini pale mashine ilipokereza, weusi wote ulitoka, kikabaki chuma kitupu, urefu wa pingili ya kidole, kinang'aa kama jino jipya. Chuma kitupu, Mwenyekiti, kando ya ziwa, mwezi wa Septemba wenye unyevu na kutu. Nilikirudisha nyumbani nimekivisha soksi ya sufu.

Nikafanya kila kitu inavyotakiwa. Niliziba tundu la mtutu ili dawa isiingie ndani. Nikaondoa mafuta yote kwenye hesi kwa ile dawa ya mke wangu Lempi ya kufutia rangi ya kucha. Nikavaa glovu. Nikakipasha chuma joto kwa mashine yake ya kukaushia nywele, nikapaka kwa pamba dawa ya kutia chuma weusi, nikasuuza, nikakausha, nikasugua kwa waya laini, nikapaka tena. Mara kumi na nne. Chuma kikabaki cheupe vilevile. Dawa yenyewe haina kosa, kwa sababu niliijaribu kwenye mkasi wa kushonea ambao Lempi alirithi kwa mama yake, na mkasi huo sasa ni mweusi tii. Basi kosa ni la watu, nao nawataja hapa chini.

1. Shemeji yangu Kauko. Alikuja kunywa kahawa, na kwa mkono uliotoka kumenya samaki wa chumvi akaigusa hesi kwa kidole. Nikamwambia kwa upole, "Shemeji, jasho la mtu lina chumvi, na chumvi ni mama wa kutu." Akasema, "Basi mpe salamu mama huyo." Kisha akamgeukia Lempi: "Dada, huyu bado ni mumeo, au ameshaposa bunduki?" Naomba afutwe uanachama. Ikiwa katiba hairuhusu, kifutwe hicho kidole.

2. Muikku. Lempi hukaanga visamaki hivi kwa siagi kila Jumatano. Moshi wa siagi huelea nyumba nzima, ukatua kwenye chuma, na penye mafuta dawa haishiki. Nilimwomba akaangie nje. Akakaangia nje, kwenye mvua, ameshika mwavuli kwa mkono mmoja na mwiko kwa mwingine, majirani wote wakitazama. Mimi ndiye ninayesemwa sasa. Naomba chama kitoe waraka wa kupiga marufuku siagi inayochemka ndani ya mita mia mbili kutoka kwenye hesi yoyote mpya.

3. Sauna. Hapa usome kwa makini. Sauna yetu, kibanda cha kuogea mvuke, iko hatua kumi na mbili kutoka mlangoni, na mvuke haujui adabu, kwa hiyo niliifunga. Jumamosi ya kwanza Lempi alioga kwa beseni. Ya pili alisema, "Oiva, nilikuvumilia ulipofuga nyuki chumba cha wageni. Lakini mtu asiyeoga sauna ana tofauti gani na gogo?" Ya tatu alikunja taulo zake, akachukua kifagio cha majani cha kujipigia mgongoni, akapiga makasia hadi kwa dada yake Sisko, ng'ambo ya ziwa. Leo ni siku ya tisa. Sikasiriki. Ila upepo ukitoka mashariki, mvuke wa sauna ya Sisko unakuja huku, na nawasikia wakicheka majini. Naomba sauna zote za mwambao zisiwashwe mpaka hirvi wa kwanza aanguke.

4. Ziwa. Sijui linasimamiwa na nani. Tafadhali mwandikie.

5. Kutu yenyewe. Mpaka leo sijaona hata chembe, ingawa nakagua asubuhi na mchana kwa kioo cha kukuzia. Mwenye akili ataiona hatari iliyopo. Kutu inayoonekana unajua ilipo. Isiyoonekana inaweza kuwa popote. Nimemaliza makopo mawili ya mafuta. Nimepaka grisi, nikafunga kifuniko cha hesi, na juu yake soksi. Kabati la bunduki nimelihamishia chumbani, pale ilipokuwa meza ya Lempi ya kujipambia, kwa sababu ndipo pakavu kuliko pote. Ni pakavu sana siku hizi, Mwenyekiti. Pakavu na kimya.

Kwa hayo, naomba mkutano wa dharura siku ya Alhamisi. Kahawa nitaleta mimi. Mkate mtamu sitaleta, maana anayejua kuuoka hayupo.

Msalimie mkeo Kerttu, wasalimie watoto, na wanachama wote isipokuwa mmoja unayemjua.

Wako mwenye subira inayoelekea ukingoni,
Oiva Hakulinen

Nyongeza: Nikiwa nalamba bahasha, Aatos amepiga simu. Anasema mtutu wangu ni wa chuma kisichoshika kutu, na weusi wake ulikuwa rangi tu ya kupuliziwa, ndiyo maana dawa haikushika wala haitashika hadi kiama. "Tone moja la mafuta, funga kifuniko, na ukitoka kuwinda kifungue kizuia sauti kikauke. Basi, mzee wangu." Nimemuuliza kwa nini hakusema mapema. Anasema alimwambia Lempi siku ileile nilipoichukua bunduki. Nimempigia Lempi. Amesema, "Nilikuja kukwambia. Ukaniomba nisipumue karibu na chuma, nikatii." Nimeuliza kama sauna ya Sisko ina nafasi ya mtu mmoja. Amesema ipo, ila nije peke yangu, nisije na bunduki. Naenda sasa hivi. Malalamiko yote nayafuta. Barua naituma hivyo hivyo, kwa kuwa stempu nimeshaibandika.