Zawadi ya Mkwe Niliyoisonga Ugali

Jamani, leo nimejimaliza. Na sikutoka hata nje ya geti!

Mnanijua. Mimi ni mtu wa nyumba. Kakangu Mwenda alivuka bahari akaenda Ireland. Mimi nikivuka barabara hapa mtaani Wabera, Isiolo, mama anauliza kama kuna shida. Huko Ireland, Mwenda alipata kazi kwenye kiwanda cha nyama, katika mji uliojaa Wabrazili. Wana kanisa lao, kinyozi wao, hadi duka la vyakula vya kwao. Akaoa mmoja wao, Luciana, aliyehamia huko na mamake akiwa bado msichana, akamfundisha na Kiswahili.

Sasa Mwenda na shemeji wako kwetu likizo. Na leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe: baada ya kanisa, mamake Luciana angepiga simu ya video, wakwe waonane kwa mara ya kwanza. Mama wiki hii yote hajatulia. Amefua mapazia. Amefua hata kitambaa cha redio.

"Kinoti," akaniambia wakienda kanisani, "tukirudi nikute nyama, maharagwe na ugali. Usiniaibishe mbele ya wakwe."

"Ugali tu, mama? Hiyo ni kazi?" (Mdomo huu.)

Maharagwe yakaiva. Nyama ya mbuzi ikaiva. Nikachemsha maji, nikafungua ndoo ya unga. Tupu! Duka liko ng'ambo ya barabara. Barabara yenyewe kaunti ilishatuwekea matofali ya kabro, hata vumbi sina la kusingizia. Lakini jua la Isiolo mnalijua, na mimi nilikuwa nimeshavua viatu.

Ndipo nikaona mkebe mezani, ule shemeji aliotoa kwenye begi asubuhi. Nikafungua. Unga! Wa njano, wa chengachenga, unanukia vitunguu (nikalaumu begi). Nikaonja. Muhogo! Nikacheka peke yangu. Kumbe Mbrazili naye akihama anabeba unga wake, kama Mmeru yeyote mwenye akili. Nikaona hata ni heshima: shemeji atakula ugali wa kwao, uliosongwa na mkono wa huku.

Nikamwaga wote. Wote!

Ukaanza kuvimba. Nikasonga. Ukanishika mwiko, nikavuta, ukavuta. Nikaongeza unga wa chapati ili ushikane. Ukashikana na sufuria. Chini ukaungua, juu ukabaki kama gundi ya fundi viatu. Nikaugeuza kwenye sinia, nikaupapasa kwa kijiko chenye maji mpaka ukawa na sura ya kitu.

Wakaingia. Kabla hata hawajanawa mikono, simu ikalia.

Jamani, nilidhani ni mama mmoja. Ilikuwa ukoo mzima! Walikuwa wametoka kanisani kwao huko Ireland, wamejazana ukumbini, watoto mabegani, wanapunga mikono. Mbele kabisa amekaa mamake Luciana na miwani yake, wanamwita Dona Zefa. Akasalimia, mama akasalimia, Mwenda akatafsiri. Mambo mazuri kabisa. Kisha Dona Zefa akauliza kitu, na Luciana akageuka akiangalia meza.

"Mama anataka kuona zawadi yake," akasema. "Alikaanga mwenyewe, kwa ajili ya mama wa hapa. Shemeji, ule mkebe uko wapi?"

"Mkebe upo," nikasema.

"Na kilichokuwa ndani?"

Nikaonyesha sinia.

Shemeji aliangalia sinia. Akaniangalia. Akaangalia sinia tena.

"Shemeji, ile haipikwi. Ilikuwa imeshaiva. Unanyunyiza tu juu ya maharagwe na nyama."

"Kinoti," mama akasema polepole, "umepika chakula kilichopikwa?"

Luciana, na Mungu amsamehe, akageuza kamera. Huko Ireland wakasogeza vichwa karibu na simu. Kisha mtu mmoja nyuma akapasuka kwa kicheko, na ukumbi mzima ukamfuata. Kuna mzee alitolewa nje akikohoa! Dona Zefa peke yake hakucheka. Alisogeza miwani karibu na simu, akasema maneno marefu.

"Anasema," Mwenda akanitafsiria, "nyanya yake alikuwa akipika unga wa muhogo ukawa mzito hivi, kwa supu ya samaki. Anauliza ulitumia samaki gani."

"Mwambie sikuweka samaki."

Akamwambia. Dona Zefa akafikiria.

"Anauliza, basi hiyo rangi imetoka wapi?"

Nilitamani sakafu inimeze. (Ilikataa. Nadhani iliona nilichopika.)

Sasa mama yangu. Alinawa mikono bila haraka. Akamega tonge, likavutika kama chingamu, akalichovya kwenye maharagwe, akatafuna huku Ireland nzima inamtazama. Akameza. Nilimwona akimeza kwa imani.

"Tamu!" akasema. "Mwambieni mama asante sana. Tumepokea." (Ni mzee wa kanisa. Hiyo ni kati yake na Mwenyezi.)

Kule wakapiga makofi. Dona Zefa akafuta macho, sijui ni kicheko au ni nini, akatangaza kwamba Desemba anakuja Isiolo na mkebe mwingine, ameushika kwa mkono wake mwenyewe, na utakaa mbali na mimi. Mama zetu wawili wameongea mpaka simu ikazima. Hawaelewani hata neno, na wamenisema vizuri kabisa.

Kwa hivyo nawaomba kwa unyenyekevu: mwenye kucheka akachekee mtaa mwingine, huko Bulla Pesa. Sufuria nimeiloweka tangu mchana na bado haijaachia, sihitaji vita viwili.