Malalamiko Kuhusu Kutofokewa Jukwaani

Kwa Bi Pamela Nyale,
Msimamizi, Jukwaa la Waandishi wa Programu wa Pwani.

Shikamoo Bi Pamela,

Mimi ni Jefwa, mwanachama wako kwa miaka minane sasa. Natunza programu ya kukodisha vyumba katika nyumba moja ya wageni hapa Malindi. Nakuandikia kwa heshima na kwa uchungu: tangu watu waanze kuuliza mashine zinazojiandikia majibu, sijafokewa na mtu.

1. Zamani nikiuliza swali jukwaani, Bi Kanze wa Rabai alikuwa akinijibu papo hapo: "Jefwa, kosa limeandikwa mbele ya macho yako. Lisome!" Niliumia, nikasoma, nikaelewa. Yote niyajuayo nimeyapata kwa kufokewa.

2. Juzi programu iliziweka familia kumi na moja katika chumba nambari saba. Nikaiuliza mashine. Ikasema, "Swali zuri sana!" Ikanipa marekebisho, familia zikawa kumi na nne. Nikaiambia imekosea, ikasema niko sahihi kabisa. Nikaiambia basi tubomoe kuta. Ikasema hilo ni wazo bora.

3. Nikakimbilia jukwaani. Wanachama Cliff, Trizah na Simeon walinijibu neno kwa neno kama mashine, na wote watatu wakalisifu swali langu.

4. Ikabidi niende Rabai. Nilimkuta Bi Kanze akipukuchua mahindi, nikamsihi anifokee walau kidogo. Akasema, "Mwanangu, siku hizi nikijibu naambiwa mashine imesema vingine. Nimechoka kubishana na kitu kisicho na haya." Kisha akanimiminia chai, kwa upole kabisa. Njiani kurudi nililia hadi Mazeras.

Kwa hivyo naomba Bi Kanze arejeshwe kwa barua rasmi, na kila jibu la mashine litanguliwe na karipio moja. Tafadhali fanya haraka. Wageni wa chumba nambari saba wameshachagua mwenyekiti na katibu, na jana waliniletea kumbukumbu za mkutano.

Nisalimie wanachama wote, hata wanaojibu bila kusoma.

Ni mimi niliyechoshwa na sifa,
Jefwa Kalume

N.B. Kabla sijaituma barua hii, Bi Kanze amenijibu jukwaani: "Futa mstari wa arobaini na mbili. Hata mbuzi wangu angeuona." Nimeufuta, na kila familia imepata chumba chake. Lakini mbuzi, Bi Pamela? Mbele ya wanachama mia nne? Naomba mama huyu afungiwe kabla ya Ijumaa. Mashine haijawahi kunivunjia heshima namna hii.