Mizani Chini ya Taulo

Jumatano, 4 Juni

Nimemaliza kupakia. Baiskeli nimeiegemeza ukutani, na naona kama ukuta ndio umechoka.

Mke wangu kapiga simu asubuhi. Yeye yuko kwa binti yetu tangu mtoto azaliwe. Mjukuu wetu wa kwanza, wa kike. Mchumba wangu huyo, na sijamwona hata sura. Kazaliwa mdogo sana. Mke wangu anasema akikulalia mkononi unaweza kusahau kama umebeba kitu. Nesi kasema mpaka Jumanne awe amefika kilo mbili na nusu. Asipofika, apelekwe hospitali kubwa. Na hospitali kubwa iko upande huu wa mto, binti yangu anakaa upande ule, na daraja limeondoka na mafuriko. Magari hayapiti. Watu wanavuka juu ya mbao, mmoja mmoja. Binti yangu analia tu, anasema mtoto wake hapiti juu ya zile mbao. Mwisho akachukua simu mwenyewe. Akasema, "Baba, njoo. Usilete kitu. Njoo wewe tu."

Nimemwelewa. Nimebeba kidogo. Kitanda cha mtoto, kile kile alicholalia yeye. Sufuria. Jiko la mkaa. Ndoo. Pasi. Blanketi. Mwavuli. Nyundo, maana huwezi kujua. Gunia la ndala za kuuza njiani. Na mizani yangu, hiyo siachi, ndiyo kazi. Nakaa nayo kona ya stendi, mtu anakanyaga, anatoa chochote, anajua uzito wake. Mshale nimeurudisha nyuma kidogo ili kila mtu ashuke anatabasamu. Sio wizi. Ni huduma.

Nasafiri na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, kinyozi. Mtaani wanamwita Unyoya kwa sababu anatembea na kibegi kama cha mtoto wa shule. Ndani ana shati, taulo na mswaki. Mswaki wenyewe kaukata mpini upungue uzito. Kinyozi huyu hata mswaki kaunyoa.

Kaja kuukagua mzigo wangu. Kaizunguka baiskeli, kakuna kichwa, kauliza kama nahama. Nikamwambia cheka, shemeji, cheka sana, njiani tutaona nani ataomba nini kwa nani.

Alhamisi, 5 Juni

Tumeondoka. Kila mtu na baiskeli yake. Yaani Unyoya kaondoka, mimi nimefuata.

Baiskeli inayumba kama mlevi anayetafuta kwake. Kilima cha kwanza nimeusukuma mzigo mwanzo mpaka mwisho. Nafika juu, Unyoya kakaa kivulini, kavu, anapiga mluzi. Kaniambia, "Shemeji, hii baiskeli umeipa kazi ya lori." Nikamjibu lori nalo lilianza hivi hivi. Halafu spoku ikakatika. Nimeifunga na waya. Waya nilikuwa nao. Yeye angeifunga na nini, taulo?

Mchana sokoni nimetandika mizani. Mama mmoja fundi cherehani kapanda, kashuka kafurahi mpaka akaniletea wateja wenzake. Ndala nimeuza jozi moja, za kushoto zote mbili. Aliyenunua hakuangalia, na mimi sikutaka kumchelewesha.

Jioni tumeomba baraza la duka, mwenye duka karuhusu. Unyoya kaniomba sabuni. Halafu kijiko. Halafu, huku anaangalia pembeni, kaomba blanketi. Nimempa, lakini nimemfanya aombe vizuri. Tumelala blanketi moja. Miguu yake ina baridi sijapata kuona.

Ijumaa, 6 Juni

Leo nimetumia akili.

Unyoya alipokwenda kunawa uso, nimechukua mizani nikaiingiza kwenye kibegi chake, chini kabisa, taulo juu. Ni bapa, imekaa kama imezaliwa humo. Pasi nayo nikaifunga ndani ya shati lake. Karudi, kavaa kibegi mgongoni, kasimama kidogo. Kaniangalia. Nikaangalia mawingu. Akapanda baiskeli.

Kilimani leo ametoka jasho. Kasema baiskeli yake inamlemea, labda upepo. Nikamwambia ndiyo, shemeji, upepo wa leo ni mbaya. Hakuna hata jani lililokuwa linatikisika. Nilicheka kimoyomoyo mpaka nikashindwa kushika usukani. Nikaanguka mtaroni. Sufuria zimekwenda huku, mimi huku.

Unyoya karudi nyuma. Kaokota sufuria moja moja, kazifuta na taulo lake, kazifunga upya, na kamba kakaza kuliko mimi. Nikaogopa atagusa chini ya taulo. Hakugusa. Mtu mwepesi hata kufikiri anafikiri kidogo.

Tatizo moja. Sokoni watu wamejaa na mimi sina mizani. Siwezi kumwomba kitu ambacho hajui kama anacho. Hilo sikulipangia.

Jumamosi, 7 Juni

Mvua. Nimefungua mwavuli juu ya baiskeli, upepo wa kweli ukaja, mwavuli ukageuka bakuli. Tumejibanza kwenye kibanda cha mashine ya kusaga.

Mke wangu kapiga simu. Sauti yake ile ya kujikaza. Nesi alijaribu kuvuka na mizani yake ya watoto, ile ya kutundika. Kateleza kwenye mbao. Yeye kashika kamba, mizani imekwenda na maji. Ya dukani ni ya kisahani, mtoto ataanguka. Kwa hiyo hakuna wa kumpima. Nesi kasema kama hakuna kipimo hawezi kubahatisha, Jumanne mtoto avushwe. Binti yangu hajala tangu jana.

Nikasema mizani. Nilisema kwa sauti. Unyoya akauliza mizani gani. Nikasema nimemkumbuka mteja mmoja.

Sasa nifanyeje? Nikiitoa, atajua nimembebesha siku mbili, na nitaisikia hadithi hiyo mpaka nizikwe. Nikiiacha, itafika. Mgongo wake una nguvu, ni kijana. Nimeamua kumwachia. Ila leo kilimani nimeusukuma mzigo kwa nguvu zote nisibaki nyuma, niwe karibu na hicho kibegi. Kila kikiyumba na mimi nayumba.

Jumapili, 8 Juni

Mtoni.

Daraja halipo. Kuna nguzo, kamba na mbao, na maji rangi ya chai ya maziwa yanapita chini kwa haraka zake. Anayesimamia ni mama mmoja mnene mwenye filimbi. Sheria yake ni fupi. Mtu mmoja, baiskeli moja, furushi moja. Kinachobaki kinabaki.

Mimi nina mafurushi saba. Nikaenda kando, nikatandika blanketi, nikayafunga yote ndani. Nikarudi nikasema furushi moja, mama. Kaligusa kwa mguu, likalia kama jikoni. Akasema, "Baba, hilo sio furushi, hiyo ni nyumba." Foleni nzima ikacheka. Nikamwambia jiko ni dawa ya mgongo. Akapuliza filimbi usoni kwangu.

Basi nikachagua. Nimechukua kitanda cha mtoto. Vingine nimeviacha kwenye kibanda chake, sufuria, ndoo, gunia la ndala, hata nyundo. Kuiacha nyundo kumeniuma.

Halafu akamgeukia Unyoya. Kabonyeza kibegi, kasikia kigumu. Akataka kifunguliwe. Akikiona kile chuma atasema mafurushi mawili, kibaki, na Jumanne mtoto atapitishwa juu ya maji yale. Nikafungua mdomo kuungama, haki ya nani.

Unyoya kamwambia kwa upole, "Vifaa vya kinyozi, mama. Nakwenda kumnyoa mtoto wa mpwa wangu nywele za kwanza." Yule mama uso ukalegea. Akauliza ni wa kike au wa kiume. Akatupisha.

Unyoya kavuka wa kwanza. Baiskeli begani, kibegi mgongoni, mguu mbele ya mguu, pole pole. Sijawahi kumwombea mtu hivyo. Na masikini hata hajui amebeba nini.

Jumatatu, 9 Juni

Tumefika mchana.

Binti yangu kasimama mlangoni, kakonda. Kaniangalia mimi, kakiangalia kitanda mgongoni kwangu. Akasema, "Baba, nilikwambia usilete kitu." Halafu akakishika kile kitanda pale kwenye alama za meno yake ya utoto, akaanza kulia, na mimi nikasema vumbi la huku baya.

Nikamwambia Unyoya nimesahau kitu kwenye kibegi chake. Hakushtuka. Katoa taulo, katoa mizani, kaiweka sakafuni. Katoa na pasi. Akasema hii nayo nadhani ni yako.

Binti yangu kaitambua mizani, akakata tamaa. Kakulia ubavuni kwake pale kona, anajua siri zake. Akasema, "Baba, hiyo na wewe wote waongo." Nikamwambia ndiyo, lakini inadanganya sawa kwa kila mtu. Napanda peke yangu, inadanganya. Napanda na mtoto, inadanganya vile vile. Ukitoa, uongo unaondoka na uongo, anabaki mtoto. Shule niliishia darasa la nne lakini kutoa najua.

Nikapanda. Unyoya kapiga magoti kusoma mshale. Halafu mke wangu akaniwekea mjukuu mkononi.

Maisha yangu yote nimebeba mizigo. Huu ndio wa kwanza nimeomba uwe mzito. Nimesimama pale nasema kimoyomoyo lemea, mchumba wangu, lemea kidogo. Kafungua jicho moja. Kakunja uso kama mteja anayebisha bei.

Unyoya akasoma. Akasoma tena. Kilo mbili na nusu na ushee.

Binti yangu hakuamini. Akapanda mjomba wake, na mtoto na bila mtoto. Mbili na nusu na ushee. Akapanda bibi, kwa sharti nifumbe macho nisione uzito wake. Nikafumba jicho moja. Mbili na nusu na ushee, na wa mke wangu siusemi hapa. Nesi kwenye simu katuhoji kama askari, katurudisha tena mwanzo, mwishoni akacheka. Kasema mtoto abaki nyumbani, anyonye, awekwe kwenye joto. Blanketi lipo, liko ng'ambo.

Binti yangu amekula sahani mbili.

Jioni kanifuata nje. Kaniambia mjomba alijua. Tangu kilima cha Ijumaa, alijua. Nikauliza mbona hakusema. Akasema alimuuliza hivyo hivyo, na mjomba akamjibu kwamba baba yako alikuwa anaogopa, na akiogopa anapakia, basi nikaona nimchukulie kidogo.

Ati kuogopa. Mimi niogope nini. Nimekaa pale nje mpaka vumbi liishe machoni.

Jumapili, 22 Juni

Mtoto ana mashavu. Mizani nimemwachia, atapimwa kila wiki. Mke wangu naye anabaki. Mimi na Unyoya tumeanza kurudi leo.

Kwa mke wangu nimeapa mbele ya watu kwamba nimejifunza, narudi mwepesi. Na kweli. Nimebeba tu kichwa cha cherehani ambacho jirani alikuwa anakitupa, kioo chenye ufa mdogo, na maboga mawili tuliyopewa na mama mwenye nyumba wa binti yangu. Mbao zimeongezwa, siku hizi mnavuka na mafurushi mawili. Na vile vyangu vyote nimevikuta kwa mama mwenye filimbi, pamoja na nyundo. Ndala kauza, zote, hata zile mbili za kulia zilizobaki. Huyo mama ni hatari.

Nimelifikiria sana lile jambo la mizani na nimeona kosa lilikuwa wapi. Mizani ni bapa, inakaa mgongoni mtu anaisikia. Boga ni duara. Kitu cha duara hakisikiki. Kwa hiyo Unyoya alipokuwa anaagana na mama mwenye filimbi, nimelizamisha boga moja, lile kubwa, kwenye kibegi chake, taulo juu. Kavaa, katabasamu, kapanda. Hajui kitu.

Mimi baiskeli yangu imenilemea mchana kutwa. Labda upepo.

Jioni nimefungua mzigo wangu, nimekuta maboga yote mawili. Na kumbe nilisahau kulihamisha. Sio uzee, ni furaha ya mjukuu. Na lile kubwa limezungushiwa taulo, sijui la nani.

Kesho asubuhi akienda kunawa uso, nitalificha vizuri.