Mwanangu Atajichagulia Jina Mwenyewe

Kintinku, Manyoni
Jumatano asubuhi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kitongoji,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mama na mifugo yote. Sisi miili haijambo, ila mioyo ina vidonda.

YAH: WATU KUINGILIA JINA LA MWANANGU, AMBALO HANA

Mimi ni Eliya Mazengo, mwenye mashine ya kukamua alizeti karibu na reli. Kama unavyojua, mimi na mke wangu Rukaiya tuna mtoto wa kiume wa miaka minne na miezi minane. Kama unavyojua pia, maana hakuna asiyejua, hatukumpa jina. Hatukusahau. Tuliamua! Mimi niliitwa Eliya bila kuulizwa, Rukaiya naye vivyo hivyo, tukasema mwanetu tusimfanyie ubabe huo. Akipata akili atachagua mwenyewe, nasi tutalipokea kwa mikono miwili, liwe jina lolote. Hapo kwenye lolote napigia mstari.

Hatumsumbui mtu. Lakini sisi tunasumbuliwa hivi:

1. Mtu akipata mtoto, huitwa kwa jina la mtoto. Wewe ni Baba Benjamin, jirani yangu ni Mama Joyce. Mimi naitwa Baba Nani. Nilidhani ni utani wa wiki moja, kumbe ndiyo imetoka hiyo. Mteja mmoja kutoka Issuna, mtu mwenye adabu zake, alinivulia kofia akaniamkia Mzee Nani. Mke wangu kwenye kikundi chao cha akina mama anaitwa Mama Nani mpaka kwenye maombi. Inauma, Mheshimiwa. Usione tunacheka.

2. Mama Joyce. Huyu anastahili namba yake peke yake. Kila akipita hapa anauliza kama mtoto hajachagua tu, kwa sauti ya mtu anayemjulia hali mgonjwa. Juzi mbuzi wake kazaa, akaja kuniuliza eti naye asubiri ndama wa mbuzi ajitaje? Kwanza mtoto wa mbuzi haitwi ndama. Pili, nilicheka mbele yake, kisha nikaenda kulia nyuma ya mapipa.

3. Mama yangu mzazi, Bibi Damari, anamwita mtoto Yohana kwa siri. Mama mkwe anamwita Shabani, naye kwa siri. Mtoto anaitika kote kote kwa sababu kote kuna karanga. Huko ni kumhonga mpiga kura.

4. Kadi ya kliniki imeandikwa Mtoto Mazengo. Muuguzi akiita Mtoto, tunasimama kina mama kumi na mmoja na mimi.

5. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Mwezi wa kwanza mtoto anatakiwa kuanza darasa la awali. Mwalimu Catherine, mpole kabisa, amesema hawezi kumwandikisha bila jina, na mwisho ni Ijumaa hii. Nilimshauri aache nafasi wazi kwenye daftari la mahudhurio, ikifika zamu ya mwanangu akohoe. Akanitazama tu. Kutazama kule nako ni kukosoa! Na sare tumeshashona. Mtoto anaivaa tangu Jumapili, hataki kuivua hata kula, anazunguka uani na daftari kwapani. Asipoandikishwa, Mheshimiwa, mimi sijui nitamtazamaje.

Kwa hiyo naomba uitishe mkutano wa hadhara upitishe haya. Kwanza, ni marufuku kutoa maoni juu ya malezi ya mwenzio. Mwenye ushauri auandike nakala tatu, azitunze nyumbani kwake. Pili, ni marufuku kutazama. Tatu, watoto wote wa kitongoji wasiitwe majina mbele ya mwanangu wasije wakamshawishi. Waitwe "wewe", kwa miezi michache tu. Nne, wewe mwenyewe na wazee wa baraza mjiite Baba Nani mpaka mwanangu achague. Tukiwa wengi haitauma.

Usidhani tunaogopa kukosolewa, hata kidogo. Maoni tunayakaribisha sana, mradi yawe ya kutusifu.

Nisalimie mama, Benjamin na mdogo wake, wazee wa baraza, na wote wa huko kwenu. Mama Joyce naye msalimie, ila kwa kifupi.

Ni mimi mwananchi wako mwenye uchungu,
Eliya Mazengo

Nyongeza: Nilikuwa nafunga bahasha mtoto akaingia mbio. Amechagua! Anataka kuitwa Mashudu, yale makapi ya alizeti tunayowauzia wafugaji walishie ng'ombe. Tumemkatalia hapo hapo, mimi na Rukaiya kwa sauti moja, jambo ambalo halijatokea tangu tuoane. Tumemwambia ataitwa Isaka, kama marehemu babu yake, na hatukumuuliza. Amenuna. Amesema tunamwingilia, kachukua daftari lake, na sasa hivi yuko njiani kuja kwako kutushtaki. Barua hii inaletwa na Rukaiya kwa baiskeli ili amtangulie. Nakuomba sana, baba yangu, mwandikie Mwalimu Catherine kwamba jina ni Isaka, kabla mtoto hajafungua mdomo.