Moto Uliozimwa Bila Kibali

Kwako Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

YAH: WANANCHI WANAOZIMA MOTO KIHOLELA

Somo la hapo juu lahusika.

Mimi ni Katibu wa Kamati ya Tahadhari ya Moto wa Nyika, huu mwaka wa tisa. Katika muda huo tumekutana mara arobaini na moja na kuandaa Mpango wa kurasa mia moja na kumi. Naandika kwa uchungu, maana Jumanne iliyopita heshima ya chombo hiki ilikanyagwa na watu wenye matawi.

Ilikuwa saa nane mchana, upepo mkali, nyasi zimekauka kau. Mrina asali alikuwa bondeni akifukuza nyuki kwa moshi. Cheche ikarukia nyasi, na moto ukaanza kupanda kuelekea zahanati, ambako walikuwa wamelazwa akina mama watatu waliojifungua siku hiyo hiyo. Niliuona moshi kupitia dirisha la ofisi. Papo hapo nikachukua hatua: nikaandika barua ya kuitisha kikao cha dharura. Yaliyofuata ndiyo malalamiko yangu.

1. Kabla sijauona mhuri ulipo, dada yangu mkubwa, fundi cherehani, anayeongoza kikundi kinachojiita Wazima Moto wa Kujitolea, alikwisha kupuliza filimbi. Watu ishirini na sita wakamfuata, hakuna hata mmoja mwenye barua. Nilimkimbilia nikamweleza kwamba akidi haijatimia. Akanijibu mbele za watu: "Mdogo wangu, akidi ni wewe. Shika tawi." Mheshimiwa, nililishika. Lakini nililishika kwa pingamizi.

2. Mpango wetu, ukurasa wa 64, unataja gari la zimamoto. Gari hilo ulituahidi mwenyewe mara tatu, na mara ya tatu ukakata utepe mahali litakapoegeshwa. Badala ya kulisubiri kwa adabu, watu hawa walitumia majembe, magunia yaliyoloweshwa na yale mabomba ya mgongoni ya kupulizia dawa mahindi. Muuza mkaa, mama mtu mzima kabisa, aliupiga moto kwa shuka la kitandani. La maua. Wageni wangepita wangetufikiriaje?

3. Mwenyekiti wetu alifika na suti ili afungue rasmi zoezi la uzimaji. Alipofika kwenye "Ndugu zangu," mkunga akamwekea kichanga mikononi, akamwambia, "Mzee, kaa naye kule kusikofika moshi, na usimwangushe." Alikaa naye saa nzima na nusu. Kichanga kilimkojolea. Hotuba imo mfukoni hadi leo, haisomeki.

4. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote: moto waliuzima. Ulifia hatua hamsini kutoka ukuta wa zahanati. Mwalimu mstaafu, wanayemwita Injini kwa jinsi anavyokohoa akikimbia, ameungua mikono yote miwili, na analalamika tu kwamba wiki hii hatashika jembe. Kikao changu cha dharura kilipotimiza akidi siku ya Alhamisi, hakikuwa na ajenda. Tulikunywa chai tukaahirisha.

Tukiliachia jambo hili, watu watazoea. Leo wanazima moto, kesho watazibua mitaro, keshokutwa watajaza mashimo ya barabara. Halafu siku moja, Mheshimiwa, watakaa chini waulizane mimi na wewe tunafanya kazi gani.

Kwa hiyo naomba: kila moto uandikishwe ofisini siku kumi na nne kabla ya kuwaka, Injini apewe barua ya onyo, asomewe, maana kuishika hawezi, na filimbi ya dada itaifishwe. Kazi hiyo ya mwisho apewe mtu mwingine. Dada ndiye aliyenilea.

Nifikishie salamu kwa wote hapo ofisini, na za pekee kwa dereva wa gari ambalo halijafika.

Wako mtiifu, katika hali zote za hewa,

Katibu wa Kamati

N.B. Rasimu sita za barua hii nilizichoma leo asubuhi nyuma ya ofisi, zisije zikasomwa na mtu. Upepo ukazibeba. Paa la stoo ya mafaili lilipoanza kufuka, sikumwita mjumbe yeyote, nilipiga yowe "Dada! Dada!" mpaka sauti ikanikauka. Wakafika ndani ya dakika nne. Injini alikuja na bandeji zake, akawa anaukanyaga moto kwa miguu huku akikohoa. Jengo limepona. Dada hakunigombeza. Alinivisha bomba mgongoni, akanikaza mikanda kama alivyokuwa akinifunga vifungo vya shati nikienda shule, akasema, "Mazoezi ni Jumamosi, saa moja asubuhi. Usichelewe." Sitachelewa.

Ukishaisoma barua hii, Mheshimiwa, nakusihi uichane. Usiichome.