Hifadhi Yenu Haifuati Sauti

Luhende Ngosha,
Gereji ya Fundi Yeremia,
Igoma, Mwanza.
Jumatatu, kabla ya kazi kuanza.

Mhifadhi Mkuu,
Hifadhi ya Taifa ya Barabara ya Musoma.

Ndugu Mhifadhi Mkuu,

YAH: HIFADHI YENU KUTOFUATA SAUTI, NA AIBU ILIYONIPATA MBELE YA BABA MKWE MTARAJIWA

Pokea salamu za mtu ambaye hujabahatika kukutana naye. Mimi ndiye kijana pekee, kuanzia Igoma mpaka Kisesa, aliyewahi kumsahihisha Mzungu Kiingereza chake. Rejeta alikuwa anaiita kwa jina refu ambalo halipo, nikamrekebisha, akashukuru. Shule niliacha kidato cha pili, si kwa kushindwa bali kwa kuwa nilikuwa nimeshaelewa. Injini naisikiliza kwa sikio moja, lile la pili nikiwa naongea na simu. Haya siyasemi kwa kujisifu. Nayasema ili ujue unaandikiwa na mtu wa kiwango gani, usije ukampa karani ajibu.

Sasa nakueleza chanzo. Wakati nafunga hiyo rejeta nilisikia mtu anaongea ndani ya gari, na ndani ya gari hamna mtu. Mzungu akanieleza kwamba kwao ukienda hifadhini huhitaji muongozaji. Unawasha simu, unaendesha mwenyewe, sauti inakwambia pinda pale, tazama hiki, hapa simama, hapa usishuke. Hiyo yake ilikuwa ya hifadhi moja ya kwao, ya jangwani. Nikamwomba, akanirushia kwenye simu. Nikaitafsiri yote kwa Kiswahili na kuirekodi upya kwa sauti yangu, nyuma ya lundo la matairi.

Kuhusu jangwa sikuwa na wasiwasi. Kwa ufahamu wangu hifadhi za taifa ni kama shule za serikali, mtaala ni mmoja. Mtoto akihama Magu akaja Ilemela, darasa la tano linabaki darasa la tano.

Utauliza, kijana, sauti ulikuwa unaitakia nini? Hapa nakuamini kama ndugu. Nataka kumwoa Kokulinda, anayeuza duka la dawa hapa Igoma, na yeye anataka. Tatizo ni baba yake, Mwalimu Jovitus Rwegasira, mstaafu, Mhaya anayeishi Kiseke, aliyenifundisha Kiswahili darasa la sita. Kila siku alinisimamisha nisome, na nikikosea alisema neno moja tu, "Soma." Maana yake rudia. Hajawahi kunichapa, na ingekuwa heri angenichapa. Mimi naongea na mtu yeyote, trafiki, mgambo, hata huyo Mzungu, lakini mbele ya Mwalimu ulimi wangu unakuwa kama gari la dizeli asubuhi ya baridi. Unazunguka, hauwaki.

Mtu wa kawaida angetuma mshenga. Mshenga niliyekuwa naye ni Fundi Yeremia, lakini ndiye aliyemtengenezea Mwalimu pikipiki, kwa hiyo hafai. Nikaona simu ndiyo mshenga bora. Hainywi, haitaki nauli, haisahau. Sauti ina vituo kumi na viwili. Kumi na kimoja ni vya hifadhi. Cha kumi na mbili ni cha kumwomba Mwalimu binti yake. Jumamosi iliyopita nikaazima Noah ya Fundi, nikampakia Mwalimu mbele, Kokulinda nyuma na kikapu chake cha ndizi mbivu na senene, tukaondoka. Na hapo ndipo hifadhi yenu iliponiangusha, kama ifuatavyo.

1. Geti. Sauti inasema baada ya maili kumi na mbili pinda kushoto, utaona geti na askari mwenye kofia. Nilihesabu kumi na mbili kwenye dashibodi, tukawa tumeshaipita Kisesa, nikapinda kushoto. Geti lenu ni kamba iliyofungwa kati ya mikaratusi miwili, tena imeanikwa kanga. Askari wenu ni mama mwenye jembe, anaitwa Mama Getruda. Kofia hana. Nilipomwuliza kiingilio alicheka, akasema piteni tu wanangu, ila msinikanyagie viazi. Kisha akatupa viazi. Nashauri askari wapewe sare, na ukarimu wao upunguzwe, maana unawachanganya wageni.

2. Mchanga. Sauti inasema, "Mbele yako, mpaka jicho linapoishia, ni mchanga mtupu." Mbele yetu, mpaka jicho linapoishia, yalikuwa matuta ya viazi vitamu. Mwalimu alitazama viazi, akatazama simu. Nikamwambia mchanga uko chini ya viazi. Alikubali kwa kichwa, lakini si kwa macho.

3. Mti wa Yoshua. Sauti inaahidi kwamba kwenye kona ya tatu utaona mti wa Yoshua, ambao huota jangwani peke yake. Ninyi hapo mmeweka mpapai. Mwalimu aliwahi kuwa katekista, akaniuliza Yoshua alipanda mti lini, kwa kuwa yeye anamjua Zakayo tu. Nikamjibu papo hapo kwamba Zakayo aliupanda kwa miguu, Yoshua aliupanda kwa mbegu. Hilo jibu, Ndugu Mhifadhi, lilistahili alama. Mwalimu hakunipa. Alisema tu kwamba mpapai ule usingembeba hata Zakayo, na alikuwa mfupi.

4. Wanyama. Hapa nasema wazi kwamba sijaridhika. Pundamilia wenu hawana mstari hata mmoja, na wawili walikuwa wamebeba madumu ya maji. Swala wenu wana ndevu na wanapanda juu ya ukuta wa mtu. Nyati wamevaa kengele. Mmoja ana jina, anaitwa Mabula, mwenyewe alikuwa anamwita kutoka mbali naye anageuka. Nilimweleza Mwalimu kwamba hii ndiyo faida ya uhifadhi shirikishi. Kokulinda nyuma alipaliwa na senene. Tulimpiga mgongoni.

5. Ziwa. Hili linauma. Sauti inasema kwa ukali kabisa, "Kuanzia hapa hakuna tone la maji kwa maili arobaini. Funga vioo. Kunywa kidogo kidogo." Haijamaliza, tukakata kona, na Ziwa Victoria lote hilo hapo, limekaa, na watu wanafua. Mimi ni mtu wa kufuata taratibu. Nilifunga vioo. Kiyoyozi cha Noah ya Fundi hutoa vumbi tu, ila nilikiwasha ili tupate hali ya jangwa. Mwalimu nilimpimia maji kwa kifuniko cha chupa. Alikunywa kifuniko chake kimoja huku analitazama ziwa, akasema, "Kijana, maji haya nimeyanywa tangu Bukoba, hayajawahi kuniishia." Mwalimu ana presha, Ndugu Mhifadhi. Angepata tatizo mngesema nini? Naomba ziwa lisogezwe. Kama bajeti hairuhusu, siku za wageni wa sauti lifunikwe turubai.

6. Matamshi. Hili si kosa lenu moja kwa moja, ila lingezuilika kama pangekuwa na simba wa kunguruma kwa wakati wake. Sisi Wasukuma tunasemwa kwamba tunatia L hata pasipohitajika. Kwa hiyo wakati wa kurekodi nilihakikisha R zipo za kutosha, na popote nilipopata shaka niliweka R. Neno "mahali" nilikuwa na shaka nalo sana. Basi tulipotoka tu Igoma, sauti ikaanza, "Karibuni. Safari yetu ina mahari kumi na mbili."

Mwalimu alikuwa ameegemea kiti. Akakaa wima.

"Mahari ya kwanza ni ndogo, lakini inapendeza." "Mahari ya nne iliachwa na wenyewe miaka mingi iliyopita." Mwalimu akatoa miwani, akaifuta, akairudisha. "Mahari ya saba ina nyoka, usiisogelee." Hapo akauliza, bila kunitazama, hiyo ya saba inatolewa na ukoo gani. Sauti ikasema tutazame kuria. Mwalimu akasema Wakurya wako Tarime. Nikaongeza sauti ya kiyoyozi.

Baadaye kidogo akasema, "Huyu mtu wa kwenye simu nadhani nimewahi kumfundisha." Nikamwambia dunia ni ndogo, Mwalimu. Akasema ndogo sana, tena ina viazi.

7. Kituo cha kumi na mbili. Ndugu Mhifadhi, yote ya juu naweza kusamehe. Hili siwezi. Tulisimamisha gari mahali pazuri, juu ya jiwe kubwa, ziwa likiwa chini. Mwalimu alikuwa ameshakula ndizi tatu, uso wake umelainika. Kokulinda nyuma alikuwa anatafuna senene taratibu. Nikabonyeza. Sauti ikaanza kusema lile jambo langu. Na wakati huo huo nyati wenu Mabula akaingiza kichwa dirishani akalia kwa nguvu, kengele na yote, mpaka kituo kizima kikaisha Mwalimu hajasikia kitu. Tukarudi Kiseke. Njia nzima hakuna aliyeongea isipokuwa simu, iliyotushukuru kwa kutembelea jangwa.

Sasa hali ni hii. Yupo mtu anaitwa Alexander, ana ofisi mjini yenye feni mbili, na mshenga wake anafika kwa Mwalimu Jumapili hii baada ya misa. Jana Kokulinda alinitumia ujumbe wa maneno manne: "Jumapili. Saa sita. Basi." Nimempigia mara tisa, hapokei. Dukani nilikwenda, akaniuzia panadoli bila kuniuliza naumwa nini.

Kwa hiyo maombi yangu kwako ni haya tu. Hifadhi irekebishwe ifuate sauti, kwa kuwa sauti siwezi kuirudia, lundo la matairi limeshauzwa. Mchanga naweza kuwatafutia, namjua mwenye tipa. Mabula aonywe kwa maandishi. Na lililo kubwa kuliko yote, naomba barua yenye muhuri, iandikwe kwa Mwalimu Jovitus Rwegasira, Kiseke, ikieleza kwamba kijana Luhende alikuwa amejiandaa kikamilifu, kwamba alikuwa na la kusema na lilikuwa zuri, na kwamba halikusikika kwa sababu za kihifadhi. Mwalimu anaheshimu muhuri. Ninaihitaji kabla ya Jumamosi jioni. Nikiikosa, nitalazimika kuzihamishia safari zangu zote za baadaye hifadhi nyingine, na mtanisikia kwenye sifa za wenzenu.

Nisalimie askari wako wote, madereva, wapishi, simba na familia zao. Mama Getruda mwambie viazi vilikuwa vitamu, na kwamba tulikanyaga tuta moja tu, tena la pembeni.

Wako ninayesubiri muhuri,
Luhende Ngosha
Fundi (mwandamizi kuliko wote isipokuwa Fundi Yeremia)

Nyongeza: Dada yangu Dorotea, aliyenisahihishia L na R za barua hii, anasema maili si kilomita, na kwamba hifadhi yenu iko mbele sana, kupita Magu, tena upande wa kulia. Kwa hiyo inaonekana kwenu hatukufika. Namba moja mpaka sita zifute. Barua naituma hivyo hivyo kwa kuwa bahasha nimeshaandika jina lako.

Namba saba nayo ifute. Mabula hakulia. Mabula alikuwa amelala.

Kituo cha kumi na mbili kilisikika vizuri kuliko vyote. Kinasema, "Mwalimu, shikamoo. Mimi naomba." Halafu basi. Nilikirekodi mara kumi na moja nyuma ya matairi, na kila mara nilikwama hapo hapo, nikaibakiza ile ya mwisho nikidhani siku ya siku maneno yatajaa yenyewe. Baada ya hapo inasikika kompresa, na kwa mbali Fundi Yeremia anasema, "Spana ya kumi na nne." Mwalimu alisubiri mpaka kompresa ikazima. Hakucheka. Kokulinda aliacha kutafuna. Kisha Mwalimu akageuka, si kwa simu, kwangu mimi, akasema taratibu, kwa sauti ambayo darasani hakuwahi kuitumia, "Haya, Luhende. Soma."

Nikamwambia, Mwalimu, betri imekwisha.

Simu ilikuwa mkononi mwangu, inawaka. Asilimia themanini na moja.