Kapteni Asiyekuwemo Kwenye Mchezo

Jumatatu, 19 Februari

Nimeamua! Siku ya Wanawake tunaufufua mchezo wa Mwalimu Teofana Kutsarova. Alifundisha ushonaji hapa mjini, akaandika mchezo wa wajane watatu wa vita na kitanda chao cha mfumi, kile cha kufumia nguo, ukachezwa mara moja ukumbini kwetu, kisha kimya. Marehemu mama alicheza mjane mdogo. Mimi, mtoto mdogo, nilikaa pembeni mwa jukwaa, karibu na jiko la kuni, nikila andazi la maboga. Ukumbi mzima ulinukia moshi na sufu mbichi. Siku zile!

Kasoro moja tu. Hakuna mwanamume. Nimeirekebisha. Mwishoni anaingia Kapteni na hotuba ndefu. Kapteni ni mimi.

Jumatano, 21 Februari

Mazoezi. Tsvetana, anayecheza mjane mdogo, aliuliza Kapteni katokea wapi. (Tumeigiza pamoja tangu ujana. Hadi leo anapewa maua mengi kuliko mimi.) Nikasema nimemkuta kwenye toleo la zamani.

"Lyubcho," akasema, "hilo toleo lako la zamani wino haujakauka."

Wajane wote wakacheka. Wasanii gani hawa!

Jumamosi, 2 Machi

Nimebandika matangazo mjini. LYUBEN TERZIEV, herufi kubwa. Kutsarova chini, kwa unyenyekevu unaomfaa. Kufika adhuhuri Tsvetana alishapita na gundi yake, jina langu limefunikwa lote! Tumegombana mbele ya duka la mikate. Alisema Kutsarova amesahauliwa vya kutosha, nami nataka kumsahaulisha tena kwenye tangazo lake mwenyewe.

Tukapatana: Kapteni anaingia, anasema "Vita vimekwisha", basi. Nikakubali. Moyoni nikajua nitatoa hotuba yote. Watu wakishajaa, nani atanizuia?

Ijumaa, 8 Machi

Ukumbi ulifurika. Nilisimama pembeni mwa jukwaa, magwanda yamepigwa pasi, masharubu ya bandia yamebanduka upande mmoja. Tsvetana alikaa mbele ya kitanda cha mfumi, akasema polepole: "Fungeni mlango taratibu, mtoto amelala."

Zamani mama aliposema maneno hayo alinitazama mimi, pale pale. Nilikuwa nimesahau kabisa. Miaka yote hiyo sikuwahi kuisikia tena sauti yake, na leo nimeisikia.

Zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimeketi sakafuni, ninalia kama mtoto. Tsvetana akasubiri. Akasubiri tena. Kisha akaenda dirishani, akachungulia nje, akasema mwenyewe: "Vita vimekwisha."

Halafu watu wakasimama, wakaita: Kutsarova! Kutsarova!

Tsvetana alinikuta pale chini. Akanifuta uso kwa shali ya mjane. "Mama yako angefurahi," akasema. "Kisha angekuzaba kofi." Akanipa nusu ya maua yake.

Jumamosi, 9 Machi

Dukani wanasema mchezo ulipendeza kwa sababu ulibaki kama ulivyoandikwa. Upuuzi! Ulipendeza kwa sababu kila mtu alihisi kuna mtu mkubwa hajaingia. Kutoingia namna ile ni kipaji.

Halafu, habari njema! Mpwa wake Kutsarova ameniletea mchezo mwingine, haujawahi kuchezwa. Wakunga, usiku wa theluji. Nimeusoma kwa machozi. Mama yule alikuwa na kipawa cha ajabu, mchezo wake hautakiwi kuguswa hata neno.

Unakosa daktari tu. Nimeshaanza hotuba yake.